Kukata na Kupasua: Maneno ya Wapasua Mbao, Kutoka Tezo hadi Msumeno wa Mnyororo

Miongoni mwa kazi za mwanaistilahi ipo ile ya kupokea kijitabu cha maelezo ya chombo kigeni na kutakiwa akigeuze kwa Kiswahili, ili kimfae mtu atakayekitumia chombo hicho. Kazi hiyo huonekana nyepesi mpaka mtu aianze. Makala haya yametokana na kijitabu cha namna hiyo. Chombo chenyewe si kikubwa: ni umbo la chuma au alumini linalofungwa kwenye msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ili mtu mmoja au wawili waweze kulipasua gogo palepale lilipoangukia, na kutoa vipande vinene vya kutengenezea meza, milango na madawati. Kurasa zake zilikuwa chache. Hata hivyo, mambo matatu tu ya mle ndani, yaani kitendo chenyewe, jina la chombo, na jina la kile kinachotoka katika gogo, yalitukalisha kwa muda mrefu, na mwisho yakatulazimisha turudi nyuma kuitazama historia ya upasuaji wa mbao katika nchi zetu.

Dai la makala haya ni moja. Kiswahili kilikwisha kuzitenganisha kazi mbili, kukata na kupasua, kabla mnyororo wenye meno haujafika kwetu. Na tofauti hiyo ndiyo msingi wa ufundi wa chombo hiki. Tukiipoteza katika tafsiri, tutampotosha fundi, na yamkini tutampotosha hata mtunga sheria.

Zama za tezo na kabari

Msumeno si chombo cha jana katika pwani yetu. Neno lenyewe limo katika kitabu cha sarufi na msamiati cha Edward Steere kilichotoka mwaka 1870, wala halikuandikwa kama jambo geni. Lakini kuwapo kwa msumeno mkononi mwa seremala si sawa na kuwapo kwa msumeno wa kulipasulia gogo zima. Vyombo vya zamani vya kuutoa ubao katika mti ni shoka, kabari na tezo. Fundi hulipasua gogo kwa kabari likafuata nyuzi zake lenyewe, kisha hukaa na tezo akakichonga kila kipande mpaka kikawa bapa. Kwa njia hiyo gogo moja hutoa mbao chache tu. Sehemu kubwa huishia kuwa vibanzi chini ya miguu ya fundi. Ndiyo maana ubao mpana ulikuwa na thamani, na mbao nyingine, kama za msaji, zililetwa kwa vyombo kutoka Bara Hindi.

Zama hizo zilituachia maneno mengi: kuchonga, kabari, tezo, banzi. Zilituachia pia neno kupasua. Mtu anayepiga kabari anaupasua mti katika maana ya asili kabisa ya neno hilo, kwa kuwa anautenga mahali unapotaka kutengana wenyewe. Msumeno mkubwa ulipokuja kuifanya kazi ileile ya kulitenga gogo kwa urefu wake, watu hawakutafuta neno jipya. Walisema kupasua mbao, na mwenye kazi hiyo akawa mpasua mbao, ijapokuwa sasa hapana tena kinachopasuka, bali meno yanausaga mti kuwa unga. Hivyo ndivyo lugha inavyofanya kazi ikiachwa mikononi mwa wenyewe: hushika kusudi la kitendo, si sura ya chombo.

Msumeno wa watu wawili

Katika zama za ukoloni viwanda vikubwa vya mbao vilijengwa penye misitu minene. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasulia mierezi huko Shume, katika milima ya Usambara, na mbao zake ziliteremshwa kwa kamba za chuma hadi Mkumbara penye reli. Lakini mbali na viwanda hivyo, ubao wa mjenzi wa kawaida ulitoka kwa watu wawili na msumeno mrefu. Nchini Uganda, viwanda vingi vya mbao vilipodorora katika miaka ya 1970, ni wapasua mbao wa mkono waliobeba sehemu kubwa ya kazi.

Inafaa kazi hiyo ielezwe, maana vijana wengi hawakuiona. Gogo hubiringishwa juu ya shimo lililochimbwa, au juu ya jukwaa la miti kwenye mteremko. Kwanza hupigwa uzi: kamba nyembamba iliyopakwa ngeu, au mkaa, huvutwa kutoka ncha hii ya gogo hadi ile, kisha huinuliwa katikati na kuachiwa, ikaacha mstari ulionyooka. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia chini. Wa juu huuongoza msumeno ufuate mstari na kuupandisha; wa chini huuvuta, na katika mvuto huo wa kushuka ndipo meno yanapokula. Unga wote humwangukia wa chini machoni. Wa juu ana dhamana ya unyofu wa ubao, wa chini ana dhamana ya nguvu, na wote wawili hulipwa kwa ubao huohuo.

Katika kuyatafuta maneno ya kijitabu chetu tulikwenda kwenye uwanja mmoja wa mbao kumwona mzee aliyeifanya kazi hiyo ujanani. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba tunataka majina ya chombo kipya cha kukatia mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, mti hukatwa, gogo hupasuliwa. Wewe unauliza habari za ipi?”

Swali hilo lilistahili kuulizwa mapema zaidi, na sisi wenyewe. Kukata ni kuzipinga nyuzi za mti: mti unaangushwa, gogo linapunguzwa urefu. Kupasua ni kuzifuata nyuzi hizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa gogo. Katika lugha ya sokoni lipo pia neno kuchana mbao, ambalo limeenea sana Tanzania, hasa kwa kazi ya mashine; nalo pia huashiria mwendo wa kuzifuata nyuzi. Kwa hiyo kupasua na kuchana ni ndugu, na kukata ni jirani yao.

Mnyororo ulivyopata meno

Mnyororo wenye meno haukuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 waganga wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia kijimnyororo cha namna hiyo kukatia mifupa, na mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine alitengeneza kifaa cha mifupa ambacho mnyororo wake ulizunguka kwa kukunja mkono. Ilipita karibu karne moja kabla wazo hilo halijafika kwenye miti kwa mafanikio ya kibiashara. Mwaka 1926 Andreas Stihl, naye Mjerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp alileta wa petroli, akaujaribu katika mlima Dolmar, nao mlima huo ukaipa kampuni yake jina. Mashine hizo za kwanza zilikuwa nzito, zikihitaji watu wawili. Kufikia mwaka 1950 mashine ya petroli iliyobebwa na mtu mmoja ilikwisha kupatikana.

Meno nayo yana kisa chake. Meno ya minyororo ya mwanzo yaliigiza ya msumeno wa mkono, yakawa yanakwaruza mti na kudumaa upesi. Katika mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, alimtazama buu wa mbawakawa akila ndani ya kisiki. Aliona kwamba buu hakwaruzi, bali hukata kushoto na kulia kwa taya zake mbili zilizopinda. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda, moja likitazama kulia na la pili kushoto, akaanza kuuuza mwaka 1947. Minyororo mingi inayotumika leo ni ya uzao huo.

Lakini buu yule na jino lile viliwekwa kwa ajili ya kukata. Mtu akiutia mnyororo wa kawaida katika kazi ya kupasua, atauona unakwenda polepole, mashine inachemka na uso wa ubao unatoka na mikwaruzo. Mafundi waligundua kwamba jino la kupasulia halina budi kunolewa kwa pembe nyingine. Jino la kukatia hunolewa kwa pembe ya takriban digrii 30. La kupasulia hunolewa kwa takriban digrii 10, karibu na kunyooka kabisa. Hapo ndipo tuliposhangaa: tofauti ambayo mzee wa uwanja wa mbao aliieleza kwa maneno manne, kiwandani inaelezwa kwa digrii 20 za tupa. Kwa mnyororo wa kwanza tunapendekeza mnyororo wa kukatia, na kwa wa pili mnyororo wa kupasulia. Hapana neno jipya hapo. Kilichopo ni kuyaheshimu yaliyopo.

Kinu kisichokuwa kinu

Jina la chombo lilitutatiza zaidi. Mmarekani Elof Granberg wa California ndiye aliyebuni umbo lililojulikana sana duniani, akaliita kwa jina la Alaska. Ni miguu miwili na vyuma viwili vya kuteleza: kimoja hukaa juu ya gogo, msumeno hufungwa chini yake kwa ulalo, na umbali kati ya hivyo viwili ndio unaokuwa unene wa kipande. Kwa mpasuo wa kwanza, kwa kuwa mgongo wa gogo ni wa mviringo, huwekwa juu yake ubao ulionyooka au hata ngazi, chombo kikateleza juu ya hiyo. Baada ya hapo uso uliokwisha pasuliwa ndio unaoongoza mpasuo unaofuata.

Kwa Kiingereza chombo hicho huitwa kwa neno lilelile la kinu. Wenzetu wana sababu yao ya kihistoria. Huko Ulaya gurudumu la maji lililosaga nafaka ndilo lililofungiwa msumeno. Mchoro wa msumeno wa maji umo katika daftari la Mfaransa Villard de Honnecourt, la karne ya 13. Mwaka 1594 Mholanzi Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest akaufunga msumeno kwenye kinu cha upepo. Hivyo jengo la nafaka likawa jengo la mbao, na jina likahama nalo. Lilipotokea dude la chuma linalobebwa begani, jina likalifuata hata huko.

Kwetu safari ya neno kinu ilipita njia nyingine. Kinu ni cha kutwangia. Kisha kikawa cha kushindikia mafuta. Kisha cha kusagia kwa moshi. Na siku hizi tuna kinu cha nyuklia. Katika hatua zote hizo kinu ni kitu kinachopokea kitu ndani yake na kukigeuza. Chombo cha Granberg hakipokei kitu. Ndicho kinachokwenda juu ya gogo. Nilipomtajia mzee yule neno kinu, alicheka. “Kinu kiko uani kwa mama yako,” alisema. “Hii ni fremu, kazi yake kuushika msumeno usiyumbe.”

Fremu ni neno linaloeleweka, wala hatuoni haya kulipokea. Lakini mafundi wa vyombo vya bahari wana neno kiunzi, litokanalo na kuunda, kwa maana ya umbo la miti linaloshikilia kazi. Neno hilo limekwisha kuingia shuleni katika kiunzi cha mifupa na viwanjani katika mbio za viunzi. Tunapendekeza chombo hiki kiitwe kiunzi cha kupasulia, na fremu ya kupasulia ibaki kuwa kisawe chake katika mazungumzo.

Kuhusu mashine yenyewe, watumiaji wa Kiswahili wamegawanyika. Tanzania wengi husema chensoo. Kenya husikika zaidi pawasoo. Maandishi hupenda msumeno wa mnyororo. La mwisho ndilo linalofaa kwa kitabu na kwa sheria, kwa sababu linajieleza. Hata hivyo, si vyema kuwabeza wasemaji. Katika Nyanda za Juu Kusini wapasua mbao wa misonobari wanaita mashine zao ndogo za msumeno wa duara dingidongi, nasi ambao tumekwisha kulikubali neno pikipiki hatuna haki ya kulicheka.

Banzi na pande

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili vinavyopingana. La kwanza ni kile kipande cha pembeni chenye gome, chenye upande mmoja wa mviringo, kinachotupwa au kuuzwa kwa bei ndogo kwa ujenzi wa vibanda na kuni. La pili ni kipande kinene na kipana kutoka moyoni mwa gogo, ambacho ndicho kusudi lote la kazi na chenye bei kubwa. Mfasiri asiyeangalia atatumia jina moja kwa vyote viwili, na msomaji atakitupa kilicho bora.

Kiswahili hakina shida hiyo. Kile cha kwanza wapasua mbao hukiita banzi, wingi wake mabanzi. Cha pili tunapendekeza kiitwe pande, wingi wake mapande, kwa kuwa pande kwa asili ni kipande kikubwa na kizito. Ubao ubaki kuwa kile chembamba.

Tofauti kati ya pande na ubao si ya jina tu, na hesabu ndogo itaionyesha. Mnyororo hula njia pana: mpasuo wake ni kama milimita 9, ilhali wa msumeno wa ukanda ni kama milimita 2 na nusu. Mtu akipasua mbao za milimita 25 kwa mnyororo, katika kila milimita 34 za gogo 9 zinakuwa unga, yaani zaidi ya robo ya mti. Kwa msumeno wa ukanda hasara hiyo ni kama asilimia 9. Lakini akipasua mapande ya milimita 75 kwa mnyororo uleule, hasara ni takriban asilimia 11 tu. Maana yake ni kwamba kiunzi cha kupasulia ni chombo cha mapande, si cha mbao nyembamba. Kijitabu kinachosema mbao kila mahali kimemshauri msomaji augeuze unga mti wa mninga uliochukua miaka mingi kukua.

Sheria ni msumeno

Huenda msomaji akaona kwamba tunapima nywele. Basi na atazame Ghana. Kanuni za mwaka 1998, zilizotungwa chini ya sheria ya miti ya mwaka 1997, zilikataza mtu kutumia msumeno wa mnyororo kupasulia mbao za kuuza. Hazikukataza msumeno wenyewe, ambao uliruhusiwa kusajiliwa na kutumika kukata miti. Marufuku yote ilisimama juu ya tofauti tuliyoieleza: kukata kwaruhusiwa, kupasua kwa biashara kwakatazwa. Upasuaji haukukoma, kwa miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya mbao za soko la ndani iliendelea kutoka kwa wapasuaji hao, maana wajenzi walihitaji mbao za bei wanayoiweza na vijana walihitaji kazi. Iwapo marufuku ile ilikuwa ya busara ni mjadala wa wataalamu wa misitu. Linalotuhusu sisi ni kwamba sheria ile isingeandikika kwa Kiswahili na mtu anayesema kukata mbao kwa kila jambo. Angekuwa ama amemfunga mkata miti asiye na kosa, ama amemwachia huru mpasua mbao aliyekusudiwa.

Jambo hili liko karibu nasi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, zilitungwa kwa Kiingereza. Neno litakalochaguliwa na mfasiri mezani ndilo atakalosomewa kijana aliyekamatwa na mapande matatu kwenye baiskeli. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Walisema hukata; na msumeno unaokata mahali palipotakiwa kupasua huharibu gogo zima.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea wasomaji maneno yafuatayo wayapime: msumeno wa mnyororo kwa mashine, mnyororo wa kukatia na mnyororo wa kupasulia kwa aina mbili za minyororo, kiunzi cha kupasulia kwa chombo kinachoushika msumeno, mpasuo kwa njia inayoachwa na meno, na upana wa mpasuo kwa kipimo chake, banzi kwa kipande cha pembeni chenye gome, pande kwa kipande kinene, ubao kwa chembamba, na unga wa mbao kwa kinachoanguka chini, usichanganywe na maranda, ambayo ni mazao ya randa. Kwa chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka juu yake tumefikiria bapa, kwa mfano wa bapa la upanga, lakini hatujaridhika, maana hatujalisikia kwa mafundi.

Hilo la mwisho ndilo ombi letu. Wapasua mbao wa shimoni wanazeeka, na kila anayeondoka huondoka na majina ya meno, ya magogo na ya makosa ya kazi ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Msomaji aliye karibu na mmoja wao, iwe Mufindi, Lushoto, Kilwa au penginepo, na aende kwake na daftari, amwamkie, amwulize kila kitu kinaitwaje, kisha atuandikie. Tutayapokea maneno hayo kama yalivyo, na pale tulipokosea katika orodha hii tutaifuta.